Kabla hujapasua: jinsi ya kusoma meza ngeni ya pool

Jumamosi moja mwaka wa 2016 nilipoteza shilingi 2,000 kule Rongai kwa sababu ya gramu thelathini na moja. Wakati huo sikujua kwamba ni gramu. Nilidhani ni mkono, kisha nikadhani ni fimbo, na kufikia mchezo wa nne nikaanza kujiuliza kama kuna mtu kanifanyia kitu. Nyumbani Umoja, kwenye meza niliyoizoea, nilikuwa napasua vizuri, yaani pigo la kwanza la kulitawanya kundi: mipira inatawanyika, nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, inarudi nyuma kidogo na kutulia katikati ya meza. Rongai nikapiga vilevile, nyeupe ikapenya kwenye kundi la mipira kama makanga anayekusanya nauli, ikatokea upande wa pili na kutumbukia shimo la kona. Mara tatu katika breki tano. Kila mara mwenzangu anaiokota, anaiweka anapopenda, na mimi nakunywa soda yangu kimya.

Baa ile ina bucha mbele, kama baa nyingi za pembeni mwa Nairobi. Watu walipopungua nilimwomba mwenye meza aniachie nyeupe na mipira miwili mitatu, nikaenda nayo kwenye mizani ya nyama. Namba tatu ilisoma gramu 164. Namba kumi na moja, 163. Nyeupe, 195. Jamaa wa bucha aliitazama akasema, "Fundi, hiyo hata ukiichemsha siku mbili haiivi."

Aliniita fundi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Huvalisha meza za pool vitambaa vipya, nabadilisha mpira wa kingo, nasawazisha miguu. Nimefungua meza nyingi kuliko nilizochezea, na ndiyo maana aibu ya siku ile ilinikaa. Mtu anayejua tumbo la meza hivyo alipasua mara tano bila kujiuliza amepewa nyeupe gani.

Haya basi ndiyo ninayofanya siku hizi nikifika kwenye meza nisiyoijua. Neno moja kwanza: ninaposema breki namaanisha pigo la kwanza la kufungua mchezo. Breki ya matatu husimamisha gari, ya pool huondoa kila kitu mahali pake. Sijui nani alituachia neno moja kwa kazi mbili zinazopingana.

Anza na nyeupe

Meza nyingi za baa zetu ni za sarafu. Unaingiza shilingi yako, unasukuma, mipira inateremka kwenye sanduku. Ukizamisha mpira wa rangi unafungiwa ndani mpaka mtu alipe tena, lakini nyeupe ikianguka lazima irudi, la sivyo mchezo unaishia hapo. Meza itajuaje ipi ni nyeupe? Njia ni tatu, na kila moja inabadilisha breki yako.

Njia ya kwanza ni ukubwa. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57. Nyeupe ya meza hizi hufika milimita 60, kwa hiyo haipiti kwenye mlango wa mipira mingine, inasukumwa njia yake ya pembeni. Milimita tatu unaweza kuzidharau, ila uzito wa mpira haufuati kipenyo moja kwa moja. Unafuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Ongeza milimita hizo tatu na uzito unapanda karibu asilimia 17. Hizo ndizo gramu zangu za Rongai.

Njia ya pili ni udogo, nayo ni ya meza za mtindo wa Uingereza. Mipira yake ni ya inchi mbili, na nyeupe ni ya inchi moja na sehemu saba kati ya nane, yaani milimita 48 hivi. Piga hesabu ileile na utapata nyeupe iliyo nyepesi kuliko wenzake kwa karibu asilimia hizohizo, safari hii kwa upande wa pili.

Njia ya tatu ni chuma. Nyeupe inalingana na mipira mingine kwa ukubwa, lakini ndani imewekwa chuma, na sumaku iliyo kwenye mfereji chini ya meza inaivuta kando. Hizi zikitengenezwa vizuri hutazijua. Zikitengenezwa vibaya zinakuwa nzito kidogo, au uzito hauko katikati na zinayumba zikienda polepole.

Umeona mkokoteni uliobeba magunia ukigonga mtupu? Uliobeba unaendelea mbele. Mtupu ukigonga uliobeba, unarudi nyuma. Mikokoteni ya uzito sawa ikigongana uso kwa uso, mmoja umesimama, uliokuja unasimama na uliokuwa umesimama unaondoka. Mipira ni hivyohivyo. Kwenye breki kuna kitu kimoja zaidi: nyeupe haigongi mpira mmoja, inagonga kumi na tano iliyoshikana, ndiyo maana nyeupe ya uzito wa kawaida ikipiga katikati kabisa hurudi nyuma futi moja au zaidi. Nyeupe nzito hurudi kidogo sana au hairudi kabisa, na kama ilikuwa inabingirika mbele itaendelea kubingirika, iingie kwenye kundi na kutokea kwenye mashimo ya mbele. Nyeupe nyepesi inarushwa nyuma kwa kasi, na hatari yake ni mashimo yaliyo upande wako.

Bila mizani ya bucha utapimaje? Wakati wengine wanacheza, ngoja pigo moja la karibu na lililonyooka, nyeupe na mpira vikiwa umbali wa kiganja, mtu akipiga chini kidogo ya katikati. Nyeupe ikisimama palepale, uzito unalingana. Ikijongea mbele vidole viwili vitatu, ni nzito. Ikirudi bila mpigaji kuikata irudi, yaani kuipiga chini ili izunguke kinyumenyume, ni nyepesi. Mapigo mawili ya hivyo yanatosha. Ukubwa nao unapimwa hivi: weka nyeupe katikati ya mipira miwili ya rangi, zote zikigusana, kisha laza fimbo iliyonyooka juu yake. Ikiwa fimbo inabembea, nyeupe ni kubwa. Ikiwa unaona mwanga kati ya nyeupe na fimbo, ni ndogo.

Sasa dawa. Kwa nyeupe nzito, iweke karibu na mstari wa kuanzia badala ya kuivuta nyuma kabisa, kwa sababu kila inchi ya safari inaipa nafasi ya kuanza kubingirika, na kubingirika ndiko kunakoipeleka shimoni. Ipige chini ya katikati, karibu nusu ya upana wa ncha ya fimbo, na upunguze nguvu. Usiikate kupita hapo ukitumaini itarudi kwa fujo. Mpira mzito haukubali kurudishwa kirahisi, na ukishuka sana ncha inateleza na nyeupe inaruka. Kwa nyeupe nyepesi fanya kinyume: piga katikati au juu kidogo ya katikati, na hakikisha unakutana na mpira wa kwanza uso kamili. Nyepesi ikigonga pembeni huwezi kujua itaishia wapi.

Kuna ile breki ya pembeni ambayo vijana wanaipenda, ya kuiweka nyeupe karibu na ukingo na kugonga mpira wa pili badala ya wa kwanza. Kwenye meza yenye nyeupe ya kawaida ni breki nzuri sana, inaisumbua nyeusi, ule mpira mweusi wa katikati ya kundi. Lakini inategemea nyeupe irudi nyuma baada ya kugonga, iguse ukingo na kuja katikati. Nyeupe nzito hairudi. Inateleza moja kwa moja kwenye kona. Nimeona mtu akiijaribu mara sita usiku mmoja huku akilaumu chaki.

Mipira yenyewe

Mipira mizuri imetengenezwa kwa resini ya fenoli. Zile za Aramith, zinazotengenezwa Ubelgiji, ndizo utazikuta kwenye kumbi zinazojiheshimu. Za bei nafuu ni za poliesta, huchakaa upesi na hupoteza mng'ao, na mlio wake ukigonganisha miwili ni mzito, kama vikombe vya plastiki. Mlio mkali na mkavu ni dalili nzuri.

Kabla ya hizi zote kulikuwa na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ya Ulaya na Marekani ilichongwa kutoka kwenye pembe, na shehena kubwa zilipita Zanzibar baada ya kubebwa mabegani kutoka bara. Mpira mzuri ulitakiwa kukatwa katikati ya pembe, kwenye mstari wa mshipa, ili uzito ulingane pande zote, na hata hivyo hali ya hewa ikibadilika mpira ulipoteza umbo lake. Ndovu wangapi walikufa ili mabwana wapasue kundi baada ya chakula cha jioni! Moto wa Rais Moi wa mwaka 1989 pale Mbuga ya Nairobi ulichoma tani 12 za pembe, na kila nikikumbuka picha ile naona pia mipira. Lakini nimetoka nje ya meza.

Tatizo la baa zetu ni mchanganyiko. Namba sita ilipotea, ikaletwa nyingine kutoka seti iliyokufa Githurai. Namba tisa ni mpya, wenzake wana miaka minane. Mpira uliochakaa ni mdogo na mwepesi kuliko mpya, na kundi lenye mipira ya saizi tofauti haliwezi kushikana hata ulipange kwa maombi. Halafu kuna uchafu. Mtu anakula mutura, anafuta mkono kwenye suruali, anaokota mpira. Mafuta yakikutana na vumbi la chaki, mipira inakuwa na ngozi ya nata na inashikana kidogo pale inapogongana, hivyo breki inazaa vikundi badala ya mtawanyiko. Kama mwenye baa ni rafiki, mwombe aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kwa taulo laini. Asitumie petroli wala thina. Nilikuta seti moja imeoshwa kwa thina, ikawa nyeupe-nyeupe yote kama yai lililochemshwa.

Kupanga

Hapa nitakaa, kwa sababu breki nyingi mbaya ninazoziona Nairobi zimeshaharibika kabla mtu hajainama.

Kwetu mshindi ndiye anapasua na anayeingia ndiye anaweka sarafu na kupanga. Maana yake kundi lako limepangwa na mtu ambaye angependa lisipasuke. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ana haraka tu, au pembetatu ya kupangia mipira imepasuka kona na kufungwa na selotepu, ikiminywa inafunguka. Pembetatu ya plastiki laini inapanuka ukiisukuma, ile ya mbao ngumu haipanuki. Kuna kumbi ambazo zimeanza kutumia karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu, mipira inakaa kwenye matundu na kushikana yenyewe. Ukikuta hiyo punguza nguvu, kwa sababu kundi linafunguka kwa urahisi usiotarajia.

Kukagua kuna adabu yake. Usiende ukanyanyua mipira ya mtu. Sema, "Boss, naomba niangalie kidogo," halafu chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na mipira. Mimi hulaza simu nyuma ya kundi, tochi ikiwa imewashwa, na kuangalia kutoka mbele. Mipira inayogusana, mwanga unakatika pale inapogusana. Panapopita uzi wa mwanga kati ya mipira iliyotakiwa kugusana, pana mwanya. Mwanya mmoja nyuma kabisa, wacha. Mwanya kati ya mpira wa kwanza na mmoja wa wale wawili unaofuata, omba ipangwe upya, hata kama watu wananuna.

Kwa nini mwanya wa unene wa karatasi uharibu pigo lote? Fikiria abiria waliosimama kwenye basi wamebanana. Dereva akikanyaga ghafla, msukumo unapita kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na anayeangukia kioo ni yule wa mwisho. Weka nafasi katikati na wa mbele wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Kundi likishikana, nguvu inapita mpaka mipira miwili ya pembe za nyuma, na hiyo hutoka kwa kasi kuliko mingine. Nikisimama pembeni ya meza huangalia hiyo miwili tu. Ikitoka kwa kasi, kundi lilikuwa sawa. Ikizubaa na ya mbele ikaruka-ruka, kulikuwa na mwanya.

Sasa doa. Pale mpira wa kwanza unapokaa, kitambaa kimepigwa maelfu ya mara na kimefanya kishimo. Mpira wa kwanza unazama ndani yake, na ile miwili ya nyuma inaachwa ikining'inia bila kuugusa. Ukiusogeza uguse, unarudi kishimoni. Wengi hapo huchukua mpira mwingine na kuugonga kwa juu ili ukae. Tafadhali, hiyo ndiyo inayochimba kishimo zaidi, na anayekuja kubandika kiraka baadaye ni mimi. Mkubaliane na mwenzako kundi lisogezwe mbele nusu ya upana wa kidole, pande zote mbili za mchezo, na yaishe.

Na ile mipira ya saizi tofauti? Kanuni za kimataifa za mipira kumi na tano zinataka nyeusi iwe katikati, na kwenye pembe mbili za nyuma uwe mmoja wa rangi nzima na mmoja wa mistari. Mingine inakaa popote. Kwa hiyo unapopanga wewe, na mna nia njema, chagua mipira inayolingana iwe mbele na ule mdogo uukalishe mstari wa nyuma, katikati, ambako mwanya wake hauumizi sana.

Kitambaa, sakafu na kingo

Inama uangalie kitambaa kwa pembe, taa ikiwa mbele yako. Utaona vidoa vyeupe vidogo vimefuatana kutoka mstari wa kuanzia kuelekea kundi. Ni alama za kuungua. Nyeupe ikipigwa kwa nguvu haitelezi tu juu ya kitambaa, inaruka vihatua vidogo, kwa sababu fimbo imeinuka kidogo kupita juu ya ukingo. Kila inapotua inaunguza nyuzi. Vidoa hivyo ni ramani ya wenyeji: vinakuonyesha wanapasua kutoka wapi. Ukiona vimeanza katikati na kwenda moja kwa moja, huenda mipira haitiririki vizuri kutoka pembeni. Mimi huanza pale wenyeji wanapoanzia, nikiwa na sababu nitahama.

Kitambaa kipya kinateleza. Nyeupe inasafiri bila kubingirika mapema, na ukiikata irudi, nguvu ya kurudi inabaki nayo hadi inapogonga. Kwa hiyo kwenye kitambaa kipya usiikate sana, utaizamisha nyuma yako. Kitambaa kizee chenye manyoya kinashika, nyeupe inaanza kubingirika mapema, inasukuma mbele. Jumlisha kitambaa kizee na nyeupe nzito upate Rongai yangu. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, na Julai kukiwa na baridi ya kuota moto, meza iliyo chini ya mabati hunyonya unyevu na kila kitu kinapungua kasi. Kanuni zinataka upasue na kuzamisha mpira, au angalau mipira minne iguse kingo. Kwenye kitambaa chenye unyevu minne hiyo huipati kwa breki ya kubembeleza, itabidi uongeze nguvu.

Sakafu ya meza nzuri ni jiwe, aina ya sleti. Baadhi ya meza za hapa zina mbao zilizobanwa chini ya kitambaa, na ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia ngoma. Mbao zikinyonya maji hutunisha mgongo. Viringisha mpira polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine na utaona kama unapinda. Kuhusu miguu iliyowekewa vifuniko vya soda na vipande vya katoni sina la kusema, nimeziwekea mwenyewe mara kadhaa mteja akikataa kulipia skrubu.

Kingo zina siri ambayo wachezaji wengi hawaijui. Ncha ya mpira wa ukingo inatakiwa kuwa kwenye urefu wa asilimia 63 hivi ya kipenyo cha mpira. Kwa mipira ya milimita 57 ni kama milimita 36 kutoka kitambaani. Sasa mtu ana meza ya mipira mikubwa, mipira imepotea, ananunua seti ndogo ya inchi mbili kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ukingo sasa unaubana mpira juu, karibu asilimia 71, unaukandamiza chini na kuua kasi. Utapasua kwa nguvu zako zote na mipira itafika ukingoni ikafie hapo. Nyeupe ya milimita 60 inapata kinyume, inaguswa chini zaidi na hupenda kuruka. Ukikuta meza ya namna hiyo, sahau mtawanyiko mkubwa na cheza breki ya kulinda.

Ukubwa wa meza nao una neno. Meza za baa ni za futi saba, na ile kubwa ya kumbi za mashindano ni ya futi tisa, sehemu ya kuchezea ikiwa sentimita 254 kwa 127. Kutoka mstari hadi mpira wa kwanza ni nusu ya urefu, kwa hiyo ukitoka futi saba kwenda tisa umeongezewa safari ya kama robo. Kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa ukifika. Anza na nguvu chache kuliko unavyotamani.

Fimbo

Fimbo nitaipita haraka kwa sababu watu wanaizungumzia kupita kiasi. Nyingi zina uzito wa kati ya gramu 510 na 595. Fimbo nzito haikupi breki kubwa ikiwa mkono wako unaisukuma polepole, na kasi ina thamani kuliko uzito. Chukua ile unayoweza kuiharakisha bila kuipoteza mstari. Iviringishe mezani uone kama imepinda, na angalia ncha: ngozi ngumu inapeleka nguvu, ngozi iliyolegea na kutanuka kama uyoga inaimeza. Kama ncha inang'aa, ikwaruze kidogo kwa msasa na upake chaki. Pasua kwa fimbo ya baa, yako uiweke kwa mapigo ya kawaida.

Kitu kimoja cha Nairobi: nafasi. Meza zimebanwa kati ya nguzo na friji ya bia, na ukirudi nyuma kiwiko kinagonga ukuta. Usiinue fimbo ili kukwepa ukuta. Fimbo ikiinuka, nyeupe inaruka juu zaidi, inagonga mpira wa kwanza kwa juu na inaweza kutoka mezani kabisa, na nyeupe kubwa ndiyo hupanda kundi kirahisi kuliko zote. Sogeza nyeupe upande mwingine wa mstari, mbali na nguzo, au chukua fimbo fupi kama ipo.

Breki ya kwanza

Kabla ya kupiga uliza sheria ya nyumba. Kwa kanuni za kimataifa, nyeusi ikiingia kwenye breki haikupi ushindi. Unaweza kuirudisha mahali pake na kuendelea, au kupasua upya. Kwenye baa nyingi umeshinda, na kwingine umeshindwa. Nimeona viti vikiinuliwa kwa sababu ya swali hilo moja.

Kisha pasua kwa kama asilimia sabini ya nguvu zako, katikati ya mpira wa kwanza, nyeupe ikiwa karibu na mstari. Usiangalie mipira ya rangi. Iangalie nyeupe tu: imerudi, imesimama, au imeendelea? Ukipata nafasi ya kupasua tena badilisha kitu kimoja, urefu wa pale unapopiga, na uache vingine. Ikiwa iliendelea mbele, shuka chini kidogo. Ikiwa ilirudi mpaka ukingoni kwako, panda. Ikishakaa katikati ya meza mara mbili mfululizo, hapo ndipo uongeze nguvu.

Matokeo nayaandika kwenye simu, meza moja mstari mmoja. Ule wa Rongai unasoma hivi: "Bucha. Nyeupe 195. Kitambaa kizee, kishimo doani, pembetatu imepasuka. Chini nusu ncha, nguvu sita kwa kumi, usipasue pembeni." Chini yake nimeongeza mwaka jana, baada ya kuivalisha meza hiyohiyo: "Kitambaa kipya. Chini robo ncha."